Fumbo, Uwazi, Kuchapisha Nje au Kungoja: Njia Nne za Mwandishi Anayekabili Udhibiti

Mwandishi mmoja kijana aliniletea mswada wa tamthilia yake, kurasa tisini na kitu zilizobanwa kwa klipu. Kila palipokuwa na neno "waziri" palikatwa kwa penseli na juu yake pakaandikwa "mkubwa". Kisha "mkubwa" nalo likakatwa, pakaandikwa "mzee". Nilimuuliza ni nani aliyeupitia mswada huo. Akanijibu kwamba hakuna, ni yeye mwenyewe aliyeukata usiku, kabla ya kuupeleka kwa mchapishaji yeyote na kabla ya kuuombea kibali cha kuigizwa. Alitaka nimwambie jambo moja tu: aendelee kuficha, aseme waziwazi, aupeleke mswada nje ya nchi, au auweke kabatini mpaka hali ibadilike.

Sikuweza kumjibu siku ile, kwa sababu kila njia kati ya hizo nne imewahi kumfaa mwandishi mmoja wa Afrika Mashariki na kumuumiza mwingine. Hapa nazilinganisha kwa kipimo kimoja, ili aliyekwama mahali alipokwama kijana yule apate pa kuanzia. Nazungumzia kazi zinazosema ukweli kuhusu jamii na mamlaka. Kazi inayochochea vita au chuki dhidi ya watu ni jambo jingine, na hata Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya 2010, inayoulinda ubunifu wa kisanaa kwa jina, hailipi jambo hilo kinga hiyo.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni usalama, wako na wa watu wanaosimama nyuma ya kazi yako: mchapishaji, mwelekezi, waigizaji, hata mwenye duka la vitabu. Cha pili ni wasomaji, yaani ni nani atakayefikiwa na lini. Cha tatu ni uhai wa maana: je, miaka thelathini baadaye msomaji ataelewa ulichokusudia? Cha nne ni gharama, ya fedha, ya muda na ya moyo.

Kabla ya kuvitumia vigezo hivyo ni vyema kujua mlango ambao kazi yako itapitia. Filamu na michezo ya jukwaani hukaguliwa kabla ya kuonyeshwa, kwa Kenya kupitia sheria ya filamu na michezo ya jukwaani iliyotungwa mwaka 1962, na kwa Tanzania kupitia sheria ya mwaka 1976. Kitabu kwa kawaida hukutana na mkono wa dola baada ya kutoka, au hukwama kwenye mlango wa shule, kama ilivyokuwa Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipopiga marufuku vitabu 16 mashuleni.

Jambo jingine la kutangulia ni hili, nami naliona ndilo zito kuliko yote: udhibiti wa kwetu umekuwa ukifuata masikio kuliko maneno. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa kwa Kiingereza riwaya kali, Petals of Blood, na Mwai Kibaki, aliyekuwa waziri wa serikali, akashiriki kuizindua. Mwaka huohuo tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mirii, iliigizwa kwa Kikuyu na wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Kibali chake kilifutwa baada ya wiki chache, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ alikuwa amekamatwa na kupelekwa kizuizini Kamiti. Hasira iliyokuwa katika riwaya haikuwa ndogo kuliko ile ya tamthilia. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeketi kusikiliza. Kwa hiyo usijiulize tu umeandika nini, jiulize pia umemwandikia nani.

Njia ya kwanza: fumbo

Hii ndiyo njia kongwe zaidi katika Kiswahili. Mwandishi huhamisha kisa kwenye nchi isiyo katika ramani, au huwapa wanyama na miti kazi ya kusema.

Usalama. Fumbo humpa mwandishi nafasi ya kukana. Shaaban Robert, akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alichapisha Kusadikika mwaka 1951: nchi inayoelea angani, na Karama amesimama mbele ya baraza akishtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria. Afisa wa kikoloni angelazimika kwanza kukiri kwamba Kusadikika ni Tanganyika ndipo amshtaki mwandishi. Hata hivyo kinga hii si ya uhakika. Matigari ya Ngũgĩ, iliyotoka mwaka 1986, haikutaja nchi yoyote, lakini mwaka uliofuata polisi wa Kenya waliziondoa nakala madukani. Mamlaka ikishakujua, jina lako peke yake linatosha kulifumbua fumbo.

Wasomaji. Hapa ndipo fumbo linapozishinda njia nyingine kwa mbali, kwa sababu huingia shuleni. Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, yenye mtawala Bokono na nchi ya Butangi, imekuwa kitabu cha kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Mstahiki Meya ya Timothy Arege na Kigogo ya Pauline Kea zikafuata. Hizi ni tamthilia zinazomvua nguo mtawala dhalimu, na serikali ndiyo iliyoziweka mikononi mwa watahiniwa mwaka baada ya mwaka. Hakuna kazi ya uwazi iliyopata hadhira ya namna hiyo.

Uhai wa maana. Nimewahi kukaa na mwanafunzi wa kidato cha nne aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa Kigogo. Pembezoni mwa ukurasa alikuwa ameandika kwa wino mwekundu "Majoka: katili, mbinafsi, mwenye tamaa", na nilipomuuliza Sagamoyo iko wapi, akanijibu bila kusita kwamba ni jimbo lililo ndani ya tamthilia. Alikuwa amejibu sawasawa kama mwongozo ulivyomfundisha, bila kuiona humo nchi anayoishi. Hasara nyingine huja na wakati. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi ambayo watu wa mji wake waliyajua yamemlenga nani, lakini sisi leo tunayasoma tukiwa na maelezo ya wahariri mkononi, na pengine beti inabaki imefungwa hata baada ya maelezo. Alama inayowekewa wenyeji huzikwa pamoja nao.

Gharama. Fedha hazihitajiki nyingi, ila ustadi unahitajika sana, kwa kuwa fumbo baya huwa ni hotuba iliyovikwa manyoya. Tena ipo gharama ambayo waandishi hawaitaji kwa sauti: mkono hujizoeza. Aliyeanza kwa kubadili "waziri" kuwa "mkubwa" kwa sababu ya jukwaa, siku moja atajikuta akifikiri kwa "mkubwa" hata akiwa peke yake chumbani.

Inamfaa nani. Inamfaa mwandishi anayeishi ndani ya nchi na anayetaka kubaki humo, mwenye kisa ambacho ukweli wake uko katika mwenendo wa mamlaka kwa jumla kuliko katika tukio moja lenye tarehe. Haimfai anayeandika kuhusu watu waliopotea, mali iliyoibwa au kesi iliyopindwa, maana wahanga wa mambo hayo wanahitaji majina yao yasomwe.

Njia ya pili: uwazi

Usalama. Ni njia hatari, na hatari yake haimpati mwandishi peke yake. Abdilatif Abdalla alipoandika waraka wa Kenya: Twendapi? mwaka 1968, akiuliza serikali ya Kenyatta inaipeleka wapi nchi, alihukumiwa kwa uchochezi na kukaa jela hadi 1972, sehemu kubwa ya muda huo akiwa ametengwa na wafungwa wengine. Henry Chakava, mchapishaji aliyekubali kuchapa kazi za Kikuyu za Ngũgĩ, alivamiwa na kujeruhiwa. Aprili 2025, wanafunzi wa shule ya wasichana ya Butere walifika kwenye tamasha la kitaifa la drama huko Nakuru wakiwa na mchezo wa Echoes of War, ambao Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza waruhusiwe kuuigiza baada ya kuzuiwa. Mwandishi wao, Cleophas Malala, alikuwa amezuiliwa na polisi, na polisi walirusha gesi ya kutoa machozi. Wasichana wale waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza, wakilalamika kwamba mwelekezi wao hayupo na ukumbi hauna hadhira. Ukichagua uwazi kwa kazi inayohitaji waigizaji, hasa wenye umri mdogo, umechagua kwa niaba yao pia, na ni haki yao kuambiwa mapema.

Wasomaji. Kwa muda mfupi uwazi huwafikia watu haraka kuliko njia yoyote, na marufuku yenyewe mara nyingi huongeza mbio hizo. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa Tanzania na wimbo wake Wapo ukafungiwa; siku iliyofuata serikali ikatangaza kwamba Rais Magufuli ameelekeza aachiwe na wimbo upigwe. Wimbo ukapata masikio ambayo pengine usingepata. Lakini mwandishi asichukue kisa hicho kama mfano wa kujenga juu yake, kwa sababu kilichomfungua msanii hakikuwa sheria. Kilikuwa hisani ya mtu mmoja, na anayetoa hisani leo anaweza kuinyima kesho.

Msingi ulio imara zaidi ni mahakama, ijapokuwa huenda polepole. Septemba 2018 Mahakama Kuu ya Kenya ilisimamisha kwa siku 7 marufuku ya filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, na kumbi za Nairobi zikajaa. Mwaka huohuo Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua kwamba kufungiwa kwa gazeti la Mseto la Tanzania kulikiuka mkataba wa Jumuiya. Lakini gazeti lilikuwa limefungiwa tangu Agosti 2016, na kwa gazeti la kila wiki muda huo ni kama kifo. Leseni yake ilirudishwa Februari 2022, pamoja na za Mwanahalisi, Mawio na Tanzania Daima.

Uhai wa maana. Uwazi hauachi kazi ya kukisia. Msomaji wa mwaka 2060 atajua ni nani, wapi na lini. Udhaifu wake ni kwamba kazi iliyofungwa kwenye jina la kiongozi mmoja huzeeka pamoja naye, isipokuwa iwe na uzito wa kisanaa unaopita tukio. Waraka wa Twendapi? leo unasomwa zaidi na watafiti, ilhali Sauti ya Dhiki, mashairi ambayo Abdilatif aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni na kuyatoa kwa siri, yamebaki kuwa sehemu ya ushairi wetu. Diwani hiyo ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka 1974 ikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Ndani yake kuna fumbo na kuna uwazi, bega kwa bega. Mtunzi hakulazimika kuchagua moja kwa maisha yake yote.

Gharama. Wakili, muda wa kesi, kazi unayoweza kupoteza, na usingizi wa wazazi wako. Sitaki kuzipunguza hizi kwa maneno ya kishujaa.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye ushahidi ulioandikwa na wakili anayemjua kabla ya siku ya kuchapisha, pamoja na familia iliyokwisha kuzungumza naye ikaelewa. Inamfaa hasa mwandishi wa habari, ambaye fumbo kwake ni kushindwa kazi.

Njia ya tatu: kuchapisha nje au mtandaoni

Usalama. Kuwa mbali kunamlinda mwandishi aliye mbali. Aliyebaki ndani na kutuma mswada nje, au anayeandika mtandaoni kutoka mtaani kwake, hana kinga hiyo, na kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 zilimtaka hata mwenye blogu apate leseni. Anayetumia jina la uwongo naye akumbuke kwamba simu yake ina usajili.

Wasomaji. Hapa ndipo njia hii inapoumiza. Ukichapisha London au New York, wasomaji wako wa kwanza ni watu wa huko na Waswahili wa ughaibuni, na kitabu kikirudi nyumbani huja kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuilipa. Mtandao ulionekana kuwa dawa, na kwa kiasi fulani umekuwa: hadithi inayotumwa kwa simu haihitaji duka. Lakini siku ya uchaguzi wa Tanzania, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa na haikurejea kwa siku kadhaa. Njia inayoweza kuzimwa kwa amri moja, tena siku ambayo maneno yanahitajika zaidi, haifai kuwa njia pekee.

Uhai wa maana. Kwa upande huu njia hii ni nzuri kuliko inavyosifiwa. Nakala iliyo katika maktaba ya nje haiwezi kukusanywa na polisi wa kwetu, na kazi huendelea kuishi mpaka mlango wa nyumbani ufunguliwe.

Gharama. Kwa fedha, leseni ile ya 2018 pamoja na ada ya maombi na ya mwaka ilifika zaidi ya shilingi milioni 2 za Tanzania kabla viwango havijabadilishwa baadaye. Kwa moyo, gharama ni uhamisho. Ngũgĩ aliondoka mwaka 1982, hakukanyaga tena Kenya mpaka 2004, na alipofariki Mei 2025 alikuwa Marekani. Mwandishi anayeishi na lugha yake kupitia simu na kumbukumbu hulipa kila siku, hata kama hakuna anayemfuatilia.

Inamfaa nani. Inamfaa aliyekwisha kutishiwa waziwazi, au mwenye kazi ambayo lengo lake ni kuujulisha ulimwengu. Haimfai anayetaka kijiji chake kiisome.

Njia ya nne: kungoja

Njia hii hudharauliwa, watu wakaiita woga. Mimi siioni hivyo, mradi mwandishi anaendelea kuandika wakati anangoja.

Usalama wake ni mkubwa kuliko wa njia zote, ilimradi mswada usipekuliwe. Wasomaji wake kwa sasa hawapo kabisa. Uhai wa maana unaweza kuwa mkubwa, kwa sababu mwandishi huandika bila penseli ya usiku. Adam Shafi alichapisha Haini mwaka 2003, riwaya iliyotokana na kamatakamata na mateso yaliyofuata kuuawa kwa Abeid Karume mwaka 1972. Miaka zaidi ya 30 ilikuwa imepita, na kazi ilitoka ikiwa na utulivu ambao nina shaka kama ungepatikana mwaka 1975. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi nayo, iliyotoka mwaka 1971 na kuzuiwa kutumika shuleni kwa sababu ya yale iliyoyasema kuhusu wasichana, walimu na wazazi, baadaye ilikuja kufundishwa. Kezilahabi hakungoja kuichapisha. Ni kitabu ndicho kilichongoja, na hiyo nayo ni namna ya kungoja ambayo mwandishi anaweza kuikubali.

Gharama yake ni watu. Waliokuwa wakistahili kusoma habari zao wanazeeka na kufa, mashahidi wanasahau, na huenda mwandishi mwenyewe akatangulia. Inamfaa mwenye kumbukumbu ya tukio kubwa ambaye kulisema leo kungewaumiza walio hai, na ambaye yuko tayari kumwachia mtu mwingine maelekezo ya kuichapisha.

Kwa hali uliyo nayo

Ikiwa kazi yako ni tamthilia ya shule au ya kikundi cha vijana, tazama kwanza fumbo, kwa kuwa watakaosimama mbele ya polisi si wewe. Ukiona kwamba fumbo litaiua kazi, wape waigizaji wako na wazazi wao mswada wote wausome, na mtafute wakili kabla ya kuomba kibali, wala msisubiri kunyimwa.

Ikiwa wewe ni mwandishi wa habari na una nyaraka, andika waziwazi, lakini usiwe peke yako: chombo kingine, hata cha nchi jirani, kiwe na nakala za ushahidi siku ileile unapochapisha. Uwazi na kuchapisha nje hapo hufanya kazi pamoja.

Ikiwa unaandika riwaya kuhusu yale yaliyoipata familia yako, na wahusika bado wako hai, pima kungoja dhidi ya umri wao. Mama wa miaka themanini anayetaka kuona jina la mwanawe limechapwa hawezi kuambiwa asubiri hali ibadilike. Kwa mtu kama huyo, nakala chache zinazopita mkono kwa mkono zina thamani kuliko toleo kubwa la baadaye.

Ikiwa mchapishaji amekuomba uondoe sura moja ndipo achape, mwombe akuandikie sababu. Mchapishaji mmoja niliyewahi kufanya naye kazi alishindwa kuiandika sababu hiyo, na sura ikabaki. Kama sababu ni ya kisheria, mpe wakili aisome. Kama ni hofu ya kukosa nafasi kwenye orodha ya shule, basi mnajadili biashara, na ni bora mjue hivyo.

Ikiwa umekwisha kuitwa, kufuatwa au kutishwa, usalama unatangulia vigezo vingine vyote. Toa kwanza mswada mahali ulipo, kisha ujitoe mwenyewe.

Na ikiwa bado huwezi kuchagua, tenganisha nakala. Iwepo moja isiyokatwa neno, yenye tarehe katika kila ukurasa, iliyohifadhiwa mahali pawili tofauti, na ndiyo itakayokuwa kazi yako. Nakala nyingine yoyote, ya jukwaani, ya shuleni au ya kibali, itolewe kutoka kwenye hiyo, ili kila neno lililobadilishwa lijulikane lilikuwa nini. Kijana yule alifanya hivyo. Alichukua mswada wake akafuta alama za penseli moja baada ya nyingine, akaandika "waziri" upya katika nakala ya kabatini, na katika nakala ya jukwaani akabakiza "mzee". Sasa anatafuta mwelekezi.